Simfoni ya Shostakovich mbona mwanzo haisikiki?

SWALI: Shikamoo kaka. Nimetumiwa albamu ya Shostakovich, yule mtunzi wa Urusi, ya 2015, Boston Symphony wakiongozwa na Andris Nelsons. Nimejaribu mara mbili kwenye simu, ile Simfoni namba 10 sehemu ya kwanza inapita dakika 20, mwanzo sisikii kitu, nikipandisha sauti baadaye makelele yananishtua naizima. Rekodi mbovu au ni mimi tu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Rekodi ni nzima, tena ilipata Grammy 2016. Shida ni spika ya simu. Simfoni inaanza na selo na besi, zile zile unazoziona kwenye taarab asilia ya Zanzibar, zinapigwa chini kabisa kwa sauti ndogo, na simu haina uwezo wa kutoa sauti nzito hivyo, kwa hiyo nusu ya muziki hujaisikia bado. Vaa hedifoni hata za bei rahisi, weka sauti ukiwa kwenye ile Passacaglia, kipande cha okestra kinachofungua albamu, halafu usiiguse tena.

Na hiyo Passacaglia usiiruke jamani! Inatoka kwenye opera yake ya Lady Macbeth, opera iliyopendwa sana tangu 1934 mpaka Stalin, mtawala wa Urusi ya Kisovieti, alipoenda kuiangalia Januari 1936, siku mbili baadaye Pravda, gazeti la chama chake, likaishambulia vibaya mno. 1948 Shostakovich akalaaniwa tena na kazi ya ualimu akanyang'anywa. Toka 1945 hakutoa simfoni nyingine, Stalin akafa Machi 1953, na Desemba mwaka huo huo namba 10 ikapigwa Leningrad. Sasa ukiyajua haya ule ukimya wa mwanzo utausikia tofauti kabisa, mimi kila nikiusikia nanyamaza.

Ila kwa kuwa ndio unaanza, nakushauri anza na sehemu ya pili, dakika kama 4 tu, kasi tupu. Wapo wanaosema ni sura ya Stalin, hilo lilitoka kwenye kitabu cha 1979 kinachodaiwa ni kumbukumbu za Shostakovich, wakati mwenyewe alishafariki, na wasomi wanabishana hadi leo, mimi naona hata bila Stalin inatisha.

Halafu nenda ya tatu, hapo ndipo napapenda kuliko pote. Kuna noti nne, D, Es, C, H kwa majina ya Kijerumani, Es inasomeka S, yaani ni jina lake kwa tahajia ya Kijerumani, D. Sch, Dmitri Schostakowitsch! Na kuna baragumu linaita noti tano zile zile mara 12, hilo ni jina la Elmira Nazirova, aliyekuwa mwanafunzi wake, kiangazi cha 1953 Shostakovich alikuwa anamwandikia barua. Majina mawili yanaitana ndani ya okestra nzima, hesabu mwenyewe utaona.

Ukimaliza ndio urudi ya kwanza, na ya nne usikilize mpaka mwisho kabisa, zile ngoma za timpani zitapiga noti zake nne kwa nguvu zote.