Hadithi za bibi kwenye simu

SWALI: Assalaam aleikum wahariri. Watoto wangu hawalali bila hadithi ya bibi yao. Nimejaribu kumrekodi kwa simu, lakini anasikika kama yuko ndani ya birika la maji. Nifanyeje?
Mama wa wawili, Mkomani, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam. Kinachoharibu ni chumba, si simu. Kuta za mawe zilizopakwa chokaa hurudisha sauti, na mwangwi ukishaingia kwenye rekodi hautoki vizuri. Hamieni chumba kidogo chenye magodoro na mapazia, mtundike blanketi zito kwenye ukuta anaouelekea bibi. Simu ilale juu ya mto, shubiri moja kutoka mdomoni, kando kidogo. Ikimkabili moja kwa moja, kila “p” na “b” itapiga kama kofi. Zimeni feni na mtandao. Baada ya Isha ndiyo saa nzuri, punda wameshatulia.

Akikosea, anyamaze kidogo kisha arudie sentensi nzima. Kipande kibovu utakikata baadaye. Na tafadhali, baada ya “Paukwa!” aache kimya cha sekunde 3, ili mtoto anayesikiliza aitikie mwenyewe “Pakawa!” Utamu wa hadithi ya kusikiliza uko hapo, na wengi hukikata kimya hicho wakidhani ni kosa.

Nakala ya watoto iwe MP3 (faili la sauti lililobanwa) ya mono, yaani mkondo mmoja wa sauti, kilobiti 64 kwa sekunde: saa nzima haizidi megabaiti 30. Rekodi ya asili usiifute. Ihifadhi mahali pawili, nakala moja iwe nje ya simu.