Ana Uvimbe Kichwani, Sasa Wameona na Damu Imeganda

SWALI: Mama yangu ana miaka 61 na meninjioma (uvimbe wa utando wa ubongo) chini ya utosi, anasubiri upasuaji. Wiki iliyopita kichwa kilimzidi, hasa akilala. Alfajiri anatapika na macho yanafifia. Tulidhani uvimbe umekua, lakini picha ya MRI imeonyesha damu imeganda kwenye vena kubwa, na pembeni imevuja kidogo. Cha ajabu, ameandikiwa sindano za kuzuia damu isigande. Anayevuja damu anapewaje dawa hiyo?
Binti mwenye wasiwasi

JIBU: Pole sana kwa kuuguliwa, binti. Dawa hiyo inatisha ukiisikia, lakini ndiyo tiba yenyewe.

Damu ya ubongo huingia kwa ateri na kutoka kwa vena. Vena humwaga kwenye mifereji iliyo ndani ya utando mgumu unaofunika ubongo, na mkubwa kati yake hupita chini ya utosi, toka mbele hadi kisogoni. Meninjioma huota kwenye tando hizohizo. Ikikaa kando ya mfereji huubana au hupenya ukuta wake, damu ikapita polepole hadi ikaganda. Kulala kitandani siku nyingi, au kutapika bila kurudishiwa maji, huzidisha hatari. Glioma, uvimbe unaoota ndani ya ubongo wenyewe, ina njia yake nyingine: seli zake hutoa vitu vinavyogandisha damu.

Sasa hiyo iliyovuja. Mfereji ukiziba, ateri zinaendelea kuleta damu isiyo na pa kutokea. Presha hupanda nyuma ya kizuizi, vena ndogo zinatuna, zinachuja maji, mwishowe damu. Kinachovujisha ni kule kuziba. Donge likiachwa likue, uvujaji nao utaongezeka. Daktari husita pale damu iliyovuja ni nyingi, chembe sahani (zinazosaidia damu igande) zimeshuka sana, au mgonjwa katoka kupasuliwa.

Sindano inayotumika sana ni enoksaparini: miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito, kila saa 12, figo zikiwa nzima. Mama wa kilo 60 hupata miligramu 60 asubuhi na 60 usiku. Mkimchoma nyumbani, finya ngozi ya tumbo, mbali na kitovu kwa sentimita 5, ingiza sindano wima, sukuma taratibu, usiachie mkunjo hadi umalize. Usisugue baadaye, kusugua ndiko kunakoacha alama za damu. Badilisha upande kila mara. Saa 24 kabla ya upasuaji sindano husimamishwa, kwa hiyo andikeni saa ya kila dozi.

Baadaye huweza kuhamishiwa vidonge, kwa kawaida miezi 3 hadi 12, au zaidi uvimbe ukibaki. Hapo mtajeni kila anachomeza: fenitoini na kabamazepini, dawa za kifafa, hudhoofisha vidonge vingi vya aina hii. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini asijinunulie kabisa. Huongeza kuvuja damu.

Ombeni pia apimwe macho. Presha ya kichwani hubana mishipa ya kuonea, na uoni ukipotea huenda usirudi.

Kwa wengine wenye mgonjwa wa uvimbe: picha ya CT ya kawaida inaweza kutoka safi na donge lipo. Maumivu yakibadilika ghafla, ulizeni picha ya vena. Degedege, udhaifu wa upande mmoja au usingizi usio wa kawaida: hospitali saa hiyohiyo.