Usimwage majivu wala chokaa kwenye shamba la chai

Mkuu, simamisha hao vibarua leo hii. Umesema ekari yako ya Lupembe iko kwenye mahame ya babu, yaani palipokuwa na makazi zamani, kwamba mtaalamu kakwambia udongo una asidi nyingi, na sasa chokaa imeshanunuliwa na majivu yamekusanywa ili yatiwe mashimoni kabla miche ya chai haijafika. Ukifanya hivyo unaizika hela yako.

Chai ni mmea wa udongo wenye asidi. Inataka pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi inazidi) ya 4.5 hadi 5.5. Mahindi na maharage kwenye udongo huo hudumaa, ndiyo maana huku Nyanda za Juu Kusini tunahimizwa chokaa, na kwa mahindi ushauri huo ni sahihi kabisa. Balaa ni mtu anayeuchukua ushauri wa mahindi na kuupeleka kwenye chai bila hata kuuliza. Aluminiamu inayoharibu mizizi ya mahindi, chai inaishi nayo vizuri na huilimbikiza kwenye majani yake makongwe. Isichokiweza ni kalisiamu nyingi, na chokaa na majivu vimejaa hiyo.

Mimi niko Rungwe. Sehemu ya shamba langu wenyeji wa zamani walikuwa na jiko na zizi. Bwana mmoja aliyejiita mtaalamu wa kilimo alipita, akalipwa, akasema nimwage majivu kwa sababu ni mbolea ya bure. Hakushika udongo, hakuuliza nani aliishi pale. Miche ilishika mvua za mwanzo, kisha majani machanga yakaanza kutoka ya njano, mishipa tu ndiyo imebaki kijani. Ukiung'oa mche unakuja wote mkononi bila kung'ang'ania, maana vijizizi vyembamba havipo. Nikaziba mapengo kwa miche mipya, nayo ikafa palepale. Kwa nafasi ya mita 1.2 kwa 0.75 ekari inachukua miche kama 4,500, sasa piga hesabu ya miche, mashimo na palizi, halafu uyalipie mara mbili. Yule bwana nilipompigia akasema ni ukame. Ukame Tukuyu! Bado nina hasira naye, na kinachoniuma zaidi ni kwamba watu kama yeye wanaendelea kuzunguka vijijini.

Mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba makubwa ya Mufindi ndiye aliyeniambia wanachokijua wote kule: palipokuwa na nyumba, jiko au tanuru la mkaa, chai haishiki. Majivu ya miaka na miaka yako chini, na mvua haiyaondoi upesi. Wewe tayari una mahame, halafu unataka kuongeza majivu juu yake!

Kwa hiyo pima udongo kabla ya kitu kingine chochote. TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo kule Mbeya, wanapima. Ila sikiliza vizuri hapa: usichanganye udongo wa mahame na wa sehemu nyingine kwenye mfuko mmoja. Ukichanganya, pH itasoma vizuri na ile sehemu mbovu itajificha humohumo. Kila sehemu mfuko wake, na chimba mara mbili, udongo wa juu kisha wa chini zaidi, kwa sababu mizizi ya chai inakwenda mbali. Mahame yakisoma juu ya 6, usiweke chai hapo, panda parachichi au mboga. Ukitaka chai kwa lazima, changanya salfa ya unga, subiri miezi ifanye kazi, upime tena. Na kwenye chai usitumie mbolea ya CAN, nayo ina kalisiamu. Tumia SA (salfeti ya amonia) au mbolea ya NPK ya chai, 25:5:5.

Yale maua meupe yenye katikati ya njano uliyoyaona kwa jirani si ugonjwa. Chai isiyochumwa huchanua na kuzaa mbegu, na ukiiacha inakuwa mti kabisa, ndiyo maana tunaikata kila baada ya miaka mitatu au minne.

Hiyo chokaa ipeleke kwenye mahindi, huko itakulipa. Majibu ya pH yakitoka yaweke hapa tuyaone kabla hujaagiza mche hata mmoja.