Mwaka wa Msingi Kabla ya Sayansi ya Tiba: Swali Nililochelewa Kuuliza

Wiki ya tatu tangu nianze chuo, mwalimu wa maabara alituuliza mmoja mmoja tunataka kuja kuwa nani. Nikajibu bila kusita: daktari. Akanitazama kidogo, kisha akaniuliza kwa upole kama nimeisoma vizuri fomu niliyojiandikishia. Iliandikwa Sayansi ya Tiba, miaka minne, mwaka wa kwanza ukiwa wa msingi. Mimi niliona neno tiba nikaridhika. Na mtu aliyenisaidia kujaza fomu alinihakikishia kuwa njia ni hiyo hiyo, nikifika mbele nitahamia tu udaktari.

Haikuwa hivyo. Leo nafanya kazi katika maabara ya damu ya hospitali moja hapa Uingereza, kazi ninayoipenda kwa moyo wote, lakini niliifikia nikiwa nimechelewa miaka mitatu kwa sababu ya swali moja ambalo sikuliuliza mwanzoni: shahada hii ikiisha inanipa haki ya kufanya kazi gani? Wewe unayetaka kupita nilikopita, tafadhali uliza kabla hujalipa hata senti.

Nilikuja Leicester mwaka 2008 kwa ndoa. Mkononi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne cha Tanga: Biolojia C, Kemia D, Hisabati F. Nikapata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya usiku, nikaifanya miaka mitano kabla ya chuo. Kila baada ya saa mbili tuliwageuza wale wasioweza kujigeuza wenyewe ili wasipate vidonda. Asubuhi nesi akija kuchukua damu, mimi ndiye nilikuwa nashika mkono wa mzee asitikisike. Vichupa vyenyewe vilikuwa na vifuniko vya rangi mbalimbali: zambarau, buluu, njano. Nikawa najiuliza, damu ni ya mtu mmoja, sindano ni moja, vichupa vitatu vya nini? Nesi siku zote alikuwa na haraka, sikumwuliza. Lakini swali lile lilinikaa kichwani, na ndilo lililonipeleka shule.

Mwaka wa msingi, ambao wengi tunauita faundesheni, umewekwa kwa ajili ya watu kama mimi: wenye nia na akili, ila vyeti vyao havitoshi au si vya masomo yanayotakiwa. Unasoma Biolojia, Kemia, Hisabati na namna ya kuandika kitaaluma, ukifaulu unaingia mwaka wa kwanza wa shahada pamoja na waliotoka moja kwa moja sekondari. Vyuo vingi alama ya kufaulu ni 40, ila kozi nyingine za afya hudai zaidi ya hapo ili uendelee. Alama za mwaka huo kwa kawaida haziingii kwenye daraja la shahada yako. Wapo wanaolisikia hilo wakalegea. Usilegee, maana Kemia ya mwaka wa kwanza inaanzia pale pale ya msingi ilipoishia na hakuna wa kukusubiri.

Hata kuingia huko kuna mlango wake. Mimi nilidaiwa Hisabati ya kiwango cha kidato cha nne cha Uingereza, nikasoma jioni mwaka mzima. England mtu mzima asiye na cheti cha Hisabati au Kiingereza cha kiwango hicho anaweza kusomeshwa bure, na nasikitika kwamba Waswahili wengi hapa hawalijui jambo hili. Niliyepata F Tanga nilipata C Leicester nikiwa na mtoto mmoja mgongoni. Sikuzaliwa upya. Nilipata mwalimu aliyeanza na sehemu na desimali bila kunifanya nijione mjinga.

Sasa nirudi kwenye jina la shahada, maana hapo ndipo watu wanapotea. Hapa Uingereza kuna Udaktari, kuna Sayansi ya Biomedikali, ndiyo ya upimaji wa maabara, kuna Sayansi ya Tiba. Majina ni ya ndugu, lakini milango ni mbalimbali. Ukitaka udaktari, zipo kozi za udaktari zenye mwaka wa msingi ndani yake, za miaka sita, kama ile ya King's College London na ile ya Southampton. Zimelengwa kwa wakazi wa hapa waliotoka katika mazingira magumu, na maombi yake hufungwa tarehe 15 Oktoba, miezi mitatu kabla ya kozi nyingine. Mimi tarehe hiyo ilinipita bila kujua kuwa ipo. Njia nyingine ni kumaliza shahada ya kwanza kisha kuomba udaktari wa miaka minne wa wenye shahada. Wapo wanaopita, lakini wanaogombea nafasi hizo ni wengi mno. Mtu asikwambie kuwa ni kuhamia tu.

Ukitaka maabara, chagua shahada iliyoidhinishwa na IBMS, taasisi ya wanasayansi wa maabara, na ambayo mafunzo ya hospitalini yamo ndani yake ikiwezekana. Hapa huwezi kujiita mwanasayansi wa biomedikali bila kusajiliwa na HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya. Jina hilo linalindwa na sheria. Shahada yangu haikuwa na idhini hiyo. Nilihitimu 2017 kwa daraja zuri, nikaenda kuomba kazi maabara nikaambiwa shahada yangu ikakaguliwe kwanza. Ikakaguliwa, nikapewa orodha ya masomo ya kuongezea. Nikayasoma kwa pesa zangu huku nikifanya kazi ya msaidizi wa maabara, kisha nikajaza jalada la mafunzo, kurasa kwa kurasa, mpaka 2020. Idhini hiyo inaangaliwa kwenye tovuti ya taasisi yenyewe kwa dakika mbili. Sikuwa na mtu wa kuniambia, ndiyo maana nakwambia wewe.

Kuhusu masomo yenyewe, kitu kilichonitoa jasho hakikuwa kile nilichokiogopa. Niliogopa Kiingereza. Kilichonishika ni mkono wangu. Zoezi la kwanza la pipeti, kifaa cha kuvuta na kupimia maji kidogo kidogo, lilikuwa jepesi kwa macho: una rangi ya buluu, unachukua sehemu moja unaichanganya na sehemu tisa za maji, kisha mchanganyiko huo nao unaufanya hivyo hivyo kwenye kichupa kinachofuata, mpaka vichupa vitano, na rangi inatakiwa ipungue ngazi kwa ngazi. Vya wenzangu vilipungua kama anga la alfajiri. Vyangu havikupungua kwa mpangilio: cha pili na cha tatu vilikaribiana, cha nne kikawa kimekolea kuliko vya wenzangu.

Fundi wa maabara, mama wa makamo, alisimama nyuma yangu, akaweka kidole gumba chake juu ya changu. Pipeti ina vituo viwili. Ukibonyeza kwa wepesi unafika cha kwanza, hapo ndipo unapovutia maji. Ukikaza zaidi unafika cha pili, ambacho kazi yake ni kusukuma tone la mwisho litoke. Mimi nilikuwa navuta kutokea kituo cha pili, kwa hiyo kila mara nachukua zaidi ya kipimo. Akanionyesha na namna ya kujikagua: weka kichupa kitupu kwenye mizani, irudishe sifuri, tia maikrolita 1,000 za maji, yaani mililita moja. Ikisoma gramu moja, mkono wako unasema kweli.

Nikawa naenda kila Jumatano mchana maabara ikiwa tupu, napima maji tu. 1.043. 0.961. 1.020. Nimekulia dukani kwa bibi Ngamiani, nikipima mafuta ya taa na mchele, na bibi alikuwa mkali sana juu ya kipimo. Nilimkumbuka mno Jumatano zile. Wiki ya tano mizani ikaanza kusoma 0.998, 1.001, 1.000. Mpaka leo sijui kama kuna mtihani ulionifurahisha kuliko namba zile.

Nikishauri namna ya kusoma, ni moja tu: fikiri kwa lugha yako. Pembezoni mwa daftari niliandika Kiswahili: chembe sahani za damu zinaziba tundu, chembe nyeupe ni askari. Nikishaelewa kwa Kiswahili, Kiingereza cha kujibia mtihani kilikuja chenyewe. Kadi za marudio nilizisoma kazini, kati ya zamu ya kugeuza wazee ya saa nane usiku na ile ya saa kumi.

Ada nayo. Nilipoanza 2013 ilikuwa pauni 9,000 kwa mwaka, na kikomo cha England kwa mwaka wa masomo 2025/26 ni pauni 9,535. Mwaka wa msingi ukiwa ndani ya shahada, mkopo wa serikali unaufikia kama miaka mingine, ilimradi uwe na haki ya ukaazi na umeishi hapa muda unaotakiwa. Kwetu Waislamu kuna suala la riba, na halikunipa usingizi. Sheria ya 2017 ilifungua njia ya mkopo usio na riba, ila mimi nilipoanza hata sheria hiyo haikuwepo. Nilizungumza na shehe wangu na mume wangu, tukafikia uamuzi wetu. Wako ufanye na watu wako, mapema, usiuache mpaka barua ya ada ikufikie. Ipo pia stashahada ya Access, ya kuwaandaa watu wazima kuingia chuo kikuu, ya mwaka mmoja. Mkopo wake kwa England unafutwa ukimaliza shahada, na kwa wengine ina nafuu kuliko mwaka wa msingi.

Wewe uliye nyumbani unayetaka kuja kwa viza, angalia kwanza cheti chako. Mkenya mwenye KCSE, cheti cha kidato cha nne cha Kenya, peke yake, vyuo vingi vya hapa vitamtaka apite mwaka wa msingi. Mtanzania aliyefaulu vizuri kidato cha sita kwa Fizikia, Kemia na Biolojia aombe mwaka wa kwanza moja kwa moja, asikubali kuuziwa mwaka asiouhitaji. Na uulize kama mwaka huo umo ndani ya shahada au unasimama peke yake. Ukisimama peke yake chini ya kiwango cha shahada, viza inakuruhusu kufanya kazi saa 10 tu kwa wiki wakati wa muhula, badala ya 20. Kama nia ni kurudi kufanya kazi Tanzania, waulize TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya kabla hujaondoka.

Vile vichupa vitatu nilikuja kuvijua. Cha zambarau kina dawa ya kuzuia damu isigande, ndicho tunachohesabia chembe. Cha njano kinaiacha igande ili tupate majimaji yake. Cha buluu ni cha kupima damu inavyoganda, na lazima kijae mpaka mstarini, kwa kuwa damu ni sehemu tisa kwa moja ya dawa; kikipungua, jibu linadanganya. Siku niliyoona selimundu kwa mara ya kwanza kwenye hadubini, chembe zimejikunja kama mundu wa kukatia majani, nilimkumbuka mtoto wa kaka yangu tuliyemzika Tanga akiwa na miaka minne. Nilikaa na slaidi ile muda mrefu.

Binti wa dada yangu yuko kidato cha sita, mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), naye anataka udaktari. Aliniomba nimtafutie chuo cha mwaka wa msingi huku. Nimemkatalia. Amalize pale, aombe udaktari nyumbani kwanza, na huku tutazungumza matokeo yakitoka. Juzi amenitumia picha ya daftari lake la vitendo vya Kemia, asidi na besi, vipimo vyake vitatu vya mililita ni 24.90, 25.00, 25.00. Nimemwambia arudie tena. Mtihani ni Mei.