Boti za Mokowe: rekebisha maelezo ya zana kabla ya kubadilisha modeli

Ndugu yangu, umesema wakala wako wa akili unde anawakatia abiria wa Lamu tiketi za boti za Mokowe, gati la upande wa bara, kwa saa zisizo zao, na unafikiria kubadilisha modeli inayomwendesha. Subiri kwanza. Modeli haioni msimbo wako. Inachopata ni jina la zana (kipande cha programu ambacho wakala hukiita kufanya kazi), maelezo yake na skima ya vigezo, yaani orodha ya taarifa ambazo zana inapokea na aina zake, nawe umeandika tu "hutafuta boti".

Saa ndiyo inayokuumiza. Abiria akiandika "saa mbili asubuhi" anakusudia 08:00, lakini kigezo chako cha "saa" kinapokea maandishi yoyote, hivyo 02:00 inapita bila pingamizi. Andika wazi: muda wa kuondoka kwa mfumo wa saa 24, saa za Afrika Mashariki, mfano 08:00. Ongeza kwamba saa ya Kiswahili ibadilishwe kabla ya kutumwa, na abiria asiyetaja asubuhi wala usiku aulizwe. Usione uvivu kuandika sentensi nne kwa kigezo kimoja; hapa zinalipa.

Vituo viwe orodha funge, wakala achague humo tu: LAMU, MOKOWE, SHELA.

Kutafuta na kukata tiketi ziwe zana mbili, na ya kukata iseme kwamba pesa hutozwa papo hapo, kwa hiyo abiria athibitishe kwanza. Zana ikirudisha "kosa 400", yaani ombi lisilo sahihi, ujumbe huo haumwelekezi wakala popote, mwambie "tarehe imepita, tuma ya leo au ya mbele."

Kisha mjaribu wakala kwa sentensi za abiria wako halisi, ukikagua vigezo anavyotuma.