Filamu au CTP? Maswali yenu kuhusu pleti

Barua nyingi safari hii zimehusu pleti za ofseti, yaani mabati membamba yanayobeba picha na maandishi kwenye mashine ya kuchapa: zile zinazochomwa kwa mwanga kupitia filamu, na zile za CTP ambapo kompyuta inaandika moja kwa moja kwenye pleti. Nimechagua tano.

Nina kiwanda kidogo cha chapa na nimezoea filamu. CTP itanipunguzia nini hasa?

Hatua. Kwa filamu, kazi ya rangi nne (samawati, majenta, njano na nyeusi) inataka filamu nne. Unazitoa, unazisafisha kwa dawa, unazilinganisha alama kwa alama kwenye meza ya taa, unazibandika, kisha unachoma pleti moja moja kwenye fremu ya vakyumu na kuziosha. Vumbi likilala kati ya filamu na pleti, limeharibu kazi. Kwa CTP, leza inapiga nukta ndogo zinazounda picha kwenye pleti yenyewe, na rangi zote nne zinakaa mahali pake tangu mwanzo. Ila usikimbilie kununua mashine. Kama unatumia pleti chache kwa siku, zinunue zikiwa tayari kwa mwenye CTP, mtaji wako uweke kwenye karatasi na rola.

Tangu tuhamie CTP, nyuso za watu zinatoka nzito na nyekundu, ingawa faili ni zilezile. Fundi anasema tupunguze wino.

Msipunguze wino! Bila shaka mlikuwa mnatumia filamu za pozitivu, ambazo picha yake ni nyeusi na pengine pote ni angavu. Kwa filamu hizo, mwanga unapenya pembeni mwa kila nukta na kuila kidogo. Nukta ya asilimia 50, yaani inayofunika nusu ya eneo lake, kwenye filamu inaweza kufika kwenye pleti ikiwa 47 hivi. Ya asilimia 2 pengine haifiki kabisa. Fundi wenu aliizoea hasara hiyo miaka nenda miaka rudi, akaifidia kwa mkono wake bila hata kuijua.

Leza haili nukta. Ya 50 inabaki 50, halafu mgandamizo wa mashine unainenepesha kama siku zote. Ndipo uso unaposhiba rangi kupita kiasi. Mkipunguza wino, uso utapoa, lakini maandishi meusi yatageuka kijivu na ukurasa mzima utafifia.

Dawa yake ni vipimo. Chapeni mstari wa nukta kuanzia 0 hadi 100 kwa wino wa kawaida, kwenye karatasi mnayoitumia kila siku, mpime kwa densitomita, kifaa cha kupimia uzito wa wino kwenye karatasi. Mpelekeeni mwenye CTP namba hizo naye atarekebisha kwenye RIP, ile programu inayogeuza kurasa kuwa nukta. Ni kazi ya nusu siku, na nawaomba sana muifanye. Waliotoka kwenye filamu za negativu, ambazo picha yake ndiyo angavu, hupata kinyume chake: nukta zao zilikuwa zikinenepa, kwa hiyo CTP huwapa picha hafifu.

Tresingi (karatasi inayopitisha mwanga) iliyotoka kwenye printa ya leza inaweza kuchukua nafasi ya filamu?

Kwa risiti na kadi za rangi moja, ndiyo. Kwa rangi nne, hapana. Printa inaivisha tona, ule unga wa wino wake, kwa joto, na karatasi inasinyaa, kila moja kwa kiasi chake. Ukiweka samawati juu ya majenta, kona moja inakubali, nyingine inakataa.

Tuna kabati zima la filamu za vitabu vya zamani. Tuzitupe?

Msitupe filamu ya kitabu ambacho hamna faili lake. Zilazeni, kila moja ndani ya karatasi yake, mbali na joto na unyevu. Zile ambazo faili lake mmelikagua ukurasa kwa ukurasa, wapeni wanaochuja madini ya fedha yaliyomo. Msizichome moto.

Tulitarajia CTP ipunguze makosa. Mbona tunarudia pleti zaidi?

Kwa sababu filamu ilipita machoni pa watu wengi. Aliyeitoa aliiona, aliyeipanga aliiona, aliyechoma pleti aliiona pia. Sasa faili linaingia, pleti inatoka.

Siku moja tulifunga pleti nyeusi ya kitabu cha watoto, nikaokota karatasi ya kwanza ikiwa bado mbichi. Kila palipokuwa na ng'ombe, kati ya ng na o palikuwa na kisanduku kitupu. Fonti haikufungwa ndani ya faili, na ile iliyowekwa badala yake haikuwa na ritifaa. Kurasa 16, pleti ikaenda kwenye vyuma chakavu. Mtu wa meza ya taa angekiona kisanduku hicho kabla hajakata mkanda wa kubandikia.

Mteja alete PDF/X-1a, aina ya PDF ya kazi za uchapaji ambayo hulazimisha fonti zifungwe ndani. Kisha toeni nakala ya kukagulia kwenye karatasi ya kawaida kutoka RIP ileile itakayotoa pleti, siyo kutoka kompyuta ya mbunifu. Ikunjwe kama kitabu, mtu aisome kwa kidole mstari kwa mstari, na mteja aweke sahihi kila ukurasa. Ndipo leza iwashwe.