Farasi kijana na mvua za masika

SWALI: Shikamoo Babu. Nina farasi wangu anaitwa Radi, dume aliyehasiwa, ametimiza miaka minne. Tulianza kumtandika Agosti, na tangu Desemba amekuwa akibeba watu ufukweni karibu kila wikendi. Mwanzo alikuwa mtulivu. Siku hizi akiona tandiko tu anarudisha masikio nyuma, na nikimtia lijamu anakwepesha kichwa. Mgeni mmoja kutoka Uingereza aliniambia kwao farasi kijana huachwa uwanjani majira yote ya baridi apumzike. Sisi hapa Dar baridi hiyo hatuna. Je, nimfungie bandani masika hii, au niendelee naye polepole asije akasahau mafunzo?
Msomaji, Kibada, Kigamboni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mgeni wako kasema kweli, ila ya kwao. Desemba jua la London linazama kabla ya saa kumi jioni, viwanja ni tope tupu, na mtu akitoka kazini giza limeshaingia. Hapa mchana wetu haupungui hivyo. Kwetu kinachozuia ni mvua, kuanzia Machi hadi Mei. Lakini hata mvua isingekuwepo, Radi ningempumzisha.

Farasi wa miaka minne ukimtazama ni mkubwa. Mgongo wake, pale pale unapoweka tandiko, bado haujakomaa. Mifupa ya hapo humaliza kukua akifika miaka mitano au sita. Pumzi na misuli hutangulia, kano na mifupa hufuata nyuma, kwa hiyo anakubali kazi ambayo mwili wake haujaiweza. Halafu kuna kinywa. Umri huu bado anabadilisha meno ya utoto, na ya nyuma huwezi kuyaona kwa kumfunua midomo. Kabla hujamwita mkaidi, daktari wa mifugo amtazame meno. Na tandiko lijaribu upya mgongoni: farasi kijana hubadilika umbo, lililomkaa vizuri Agosti huenda leo linambana.

Mpe wiki sita hadi nane. Wateja wa ufukweni masika ni wachache, hutapoteza sana.

Ila neno lako "nimfungie" limenishtua. Zamani, nikiwa bado mgeni katika kazi hii, nilimfungia jike mmoja mwekundu wiki tatu za mvua, nikaendelea kumpa mahindi na pumba kipimo kile kile cha siku za kazi. Mvua ilipokatika nikamtandika. Hatukufika mbali. Hatua zikafupika, jasho likamchuruzika, misuli ya nyuma ikakaza kama ubao, akakojoa mkojo wa rangi ya kahawa. Alipona baada ya majuma mengi, na kosa lilikuwa langu peke yangu. Mpaka leo nikiona farasi amesimama bandani na debe la mahindi mbele yake moyo unanidunda.

Kwa hiyo anza kupunguza nafaka siku chache kabla hujasimamisha kazi. Majani ndiyo chakula chake: akiwa na kilo 400, mpe kilo 6 hadi 8 za majani makavu kwa siku, chumvi ya kulamba, na maji yasikatike. Mtoe nje kila siku atembee na mwenzake. Mifupa michanga hupata nguvu kwa kutembea, ikikaa bure inadhoofika. Viatu vya chuma mvue, kwato zikatwe kila wiki sita hadi nane. Zichokoe kila jioni. Ukikuta uchafu mweusi unaonuka, banda lako lina maji.

Jambo moja usimwige yule mgeni: kumwacha nje usiku. Mvua zetu huleta usubi, na usubi ndio unaoeneza ule ugonjwa wa farasi wa Kiafrika. Ukishika mapafu, farasi mzima jana anaweza kufa ndani ya siku chache. Wadudu hao huuma zaidi kuanzia machweo hadi alfajiri. Aingie bandani kabla jua halijazama, atoke likishapanda, na habari za chanjo zungumza na daktari mapema, kabla mvua hazijaanza.

Kusahau usikuhofie. Farasi hasahau, wala maumivu hayasahau. Juni, mvua zikishakatika na ardhi imekauka, wiki ya kwanza mtembeze kwa kamba tu. Kisha mpande dakika 20 kwa mwendo wa kutembea, maji yakiwa yamekupwa, kwenye ule mchanga mgumu wenye unyevu. Mchanga mkavu wa juu unazama, unavuta kano. Mpandaji pamoja na tandiko wasizidi sehemu moja ya tano ya uzito wake, na kwa Radi wapungue zaidi. Akirudisha masikio tena siku hiyo, shuka, mvue tandiko, uniandikie.